MKASI, GUNDI NA LEYA: Historia ya Picha za Kukatwa, Kuanzia 1857 Mpaka Kwenye Simu Yako

Machi 10, 2024, Siku ya Akina Mama kule Uingereza, picha moja ya familia ilitoka kwenye kasri la kifalme. Mama kakaa katikati, watoto watatu wamemzunguka, wote wanacheka. Mama huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji Januari na watu walikuwa na hamu kweli ya kumwona, kwa hiyo picha ikasambaa dunia nzima fasta.

Shida ikaanza watu walipoivuta karibu. Mkono wa sweta la binti yake ulikuwa umekatika ghafla, kama vile kuna kipande mtu kakisahau. Usiku huohuo mashirika makubwa ya habari, yakiwemo AP, Reuters na AFP, yakaiondoa picha ile. Kesho yake mama mwenyewe akaomba radhi na kukubali kwamba alikuwa amejaribu kuiediti.

Yaani kipande cha sweta kimetikisa ufalme!

Sasa geuka upande wa pili. Kila siku mitandaoni kuna posta kibao za wasanii, harusi na mechi ambazo mtu amekatwa mzima mzima, kazungushiwa mstari mweupe kama stika, nyuma yake kuna karatasi zilizochanika, maua na maandishi makubwa, leya juu ya leya. Hizo zimeeditiwa mara kumi zaidi ya picha ya yule mama, na hakuna anayelalamika. Watu wanaweka moto na kupita.

Kwa nini moja ni kashfa na nyingine ni sanaa? Jibu lina zaidi ya miaka 160, na lilianza kabla hata taa ya umeme haijaingia majumbani.

NEGATIVU ZAIDI YA 30, PICHA MOJA

Mwaka 1857 kulikuwa na jamaa anaitwa Oscar Rejlander, Mswidi aliyekuwa anaishi Uingereza. Alitaka kutengeneza picha kubwa yenye watu wengi, upande mmoja maisha ya starehe, upande mwingine maisha ya uadilifu. Kamera za enzi zile zisingeweza kuwapiga watu wote hao kwa mpigo mmoja wakatoka safi.

Akafanya ujanja. Akawapiga mmoja mmoja na kwa vikundi, akapata negativu zaidi ya 30. Halafu akawa anachapa negativu moja kwenye sehemu yake ya karatasi huku sehemu nyingine zimefunikwa zisipigwe na mwanga. Akimaliza hiyo, anafunika, anahamia nyingine. Kazi ikamla kama wiki sita. Picha ikaitwa The Two Ways of Life, na Malkia Victoria mwenyewe akanunua nakala.

Kile kifuniko chake ndicho babu wa kila kitu unachokifanya leo ukikata picha: hapa mwanga upite, hapa usipite.

Mwaka uliofuata, 1858, Mwingereza Henry Peach Robinson akatoa picha ya binti anayekufa kwa kifua kikuu, familia ikiwa karibu naye. Picha iliunganishwa kutoka negativu tano na binti hakuwa mgonjwa, alikuwa anaigiza tu. Watu wakakasirika. Kuchora kifo kwa rangi ilikuwa sawa, ila kamera walikuwa wanaiamini kwamba haisemi uongo. Huo ugomvi ndio uleule wa 2024, miaka 166 baadaye.

KICHWA CHA RAIS, MWILI WA ADUI

Hii ndo kiboko. Kuna picha ya kuchapa ya Rais Abraham Lincoln wa Marekani akiwa amesimama kishujaa, joho begani, mkono juu ya meza. Kwa miaka mingi watu waliiona hivyo tu. Kumbe mwili si wake. Ni wa John C. Calhoun, mwanasiasa aliyefariki 1850 na aliyekuwa mtetezi mkubwa wa utumwa!

Waliokuwa wanataka picha ya shujaa walichukua mchoro wa zamani wa Calhoun, wakaondoa kichwa, wakaweka cha Lincoln. Hata maandishi kwenye karatasi za mezani yakabadilishwa. Mtu aliyetia saini tangazo la kuwaachia huru watumwa akaishia kuvalishwa kiwiliwili cha mtu aliyepigania wasiachiwe.

Mpaka hapo unaona njia ya kwanza: kukata halafu kuficha mshono.

WALIOAMUA KUUONYESHA MSHONO

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilikuwa imevurugika. Vijana wa sanaa pale Berlin wakachukua magazeti, wakakata vichwa vya wakubwa, magurudumu, mashine na maandishi, wakabandika pamoja bila kuficha chochote. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Hannah Höch, na kazi yake kubwa ilionyeshwa kwenye maonyesho ya mwaka 1920. Vichwa vikubwa kwenye viwiliwili vidogo, wanaume wazito kwenye miili ya wacheza dansi. Huwezi kuiangalia ukadhani ni picha ya kawaida, na ndiyo ilikuwa maana yake.

Mwenzake John Heartfield akaipeleka mbali zaidi. Mwaka 1932 alitengeneza picha ya Hitler akihutubia, kifua chake kikiwa kama picha ya eksirei, ndani sarafu zimepangana kutoka kooni mpaka tumboni. Ujumbe ulikuwa wazi: huyu anameza pesa za matajiri na kutema takataka. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika nchi wakamfuata nyumbani kwake. Akaruka kupitia roshani na kukimbilia Czechoslovakia. Fikiria, mtu anawindwa kwa sababu ya mkasi na gundi.

Berlin hiyohiyo kulikuwa na binti mwingine, Lotte Reiniger. Yeye alikata watu, farasi na majini kwa karatasi nyeusi, akawalaza juu ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, taa ikiwaka kwa chini. Kioo cha chini milima, cha juu yake mawingu, cha juu kabisa mhusika. Anasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena. Ilimchukua miaka mitatu, 1923 mpaka 1926, kumaliza filamu ndefu ya Mwana wa Mfalme Achmed, yenye hadithi zilizotoka kwenye Alfu Lela Ulela. Vile vioo ndo leya zenyewe, kabla ya kompyuta.

MTU ALIYEGEUKA MAJI

Wakati hao wanaonyesha mshono, Urusi ya Stalin ilikuwa inauficha kwa damu.

Kuna picha ya 1937, Stalin anatembea pembeni ya mfereji. Pembeni yake kuna mwanaume mfupi, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Chini yake watu kwa mamia ya maelfu waliuawa. Kisha zamu yake ikafika. Akakamatwa, na Februari 1940 akapigwa risasi.

Mafundi wa picha wakaitwa. Yezhov akatolewa kwenye picha na pale alipokuwa amesimama wakachora maji na ukuta wa mfereji. Stalin akabaki kama vile hakukuwahi kuwa na mtu pembeni yake. Picha ya pili ukiiona peke yake huwezi kushtuka hata kidogo. Ni mpaka uziweke zote mbili pamoja.

Hapo ndo tofauti inapokaa. Mkato wa Heartfield ulikuwa unamwambia mtazamaji "angalia nilivyokata, fikiria." Mkato wa Stalin ulikuwa unamwambia "hakuna kilichokatwa, nenda nyumbani." Mkasi ni uleule.

NA HUKU PWANI YETU?

Usidhani mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Pale Lamu, Kenya, kulikuwa na mpiga picha aliyejifunza mwenyewe, Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio. Kuanzia miaka ya 1960 alikuwa anakata sura za wateja na kuziunganisha na picha nyingine: uso wa mtu unachomoza ndani ya ua, wapendanao wanakutanishwa kwenye picha moja. Alitumia mkasi, gundi, chumba cha giza na subira, basi.

Mombasa nako, kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi anasimama mbele ya pazia, anapigwa, anatuma picha nyumbani. Pazia ni leya ya nyuma, mteja ni leya ya mbele.

Je, mteja wa Bakor alidanganywa? Hapana. Alijua kabisa hakai ndani ya ua, na shangazi yake aliyepokea picha alijua pia. Walichokuwa wanapeana ni mapenzi na ndoto, siyo ushahidi.

KOMPYUTA INAINGIA

Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoka na piramidi za Giza kwenye jalada. Picha ya asili ilikuwa ya kulala na jalada ni la kusimama, kwa hiyo kwa msaada wa kompyuta piramidi moja ikasogezwa karibu na mwenzake. Majengo yaliyokaa pale zaidi ya miaka 4,000 yakahamishwa ofisini! Lawama zilikuwa nzito, na Photoshop ilikuwa bado hata haijazaliwa.

Wataalamu nao walikuwa kazini. Mwaka 1977 Ed Catmull na Alvy Ray Smith, kwenye chuo kimoja cha New York, walipata wazo la kuongeza namba ya nne kwenye kila pikseli. Tatu za kwanza ni nyekundu, kijani na bluu. Ya nne, inayoitwa alfa, inasema kitu kimoja tu: hapa paonekane kiasi gani. Sifuri ni uwazi mtupu, 255 ni kamili, katikati ni nusu nusu. Bila alfa, nywele zako kwenye posta zingekuwa zimekatwa kama kwa panga.

Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa udaktari Michigan, akaanza kuandika programu ya picha kwenye Macintosh yake. Mdogo wake John, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya madoido ya sinema, akaona pesa. Picha aliyoitumia kuwaonyesha watu ilikuwa ya mpenzi wake kakaa ufukweni Bora Bora, amegeuzia kamera mgongo. Mbele ya wateja anamkata, anambandika tena, wanakuwa wawili. Photoshop 1.0 ikatoka Februari 1990.

Lakini sikia hii: haikuwa na leya! Ukibandika kipande na kukiachia, kimegandana na picha. Kilichokuwa chini kimekwenda. Ni kama gundi ya Bakor tu, ukikosea umekosea. Leya zilikuja toleo la 3.0, mwaka 1994. Hapo ndo fundi akapata uhuru ambao Rejlander na wiki zake sita aliuota tu: kusogeza, kuficha, kurudisha, kubadili mawazo saa nane usiku bila kuharibu kitu.

Chukua ile ya mtu anayetoka ndani ya fremu. Chini kabisa unaweka mandhari ya nyuma. Juu yake fremu. Juu kabisa mtu aliyekatwa, ila miguu yake unaificha nyuma ya ukingo wa fremu. Halafu unatia kivuli laini chini ya kila leya. Kivuli ndicho kinachofanya jicho liamini kuna nafasi kati ya karatasi na karatasi. Reiniger aliipata nafasi hiyo kwa vioo vya kweli, wewe unaipata kwa kidole. Na tangu Septemba 2022, kwenye iPhone ukibonyeza picha ya mtu ukashikilia, anakatika mwenyewe.

KINACHOBAKI NI KIMOJA

Leya zina siri moja. Aliyetengeneza anaziona zote, anaweza kuzima hii na kuwasha ile. Ila akimaliza na kuposti, zote zinakandamizwa kuwa picha moja bapa, na hiyo tu ndiyo inayofika kwako. Fundi ana njia ya kurudi nyuma, mtazamaji hana.

Ndiyo maana mstari mweupe na karatasi zilizochanika kwenye posta za leo siyo urembo peke yake. Ni mshono uliowekwa mezani, wa ukoo wa Höch na Bakor. Na ndiyo maana kipande kimoja cha sweta kilizua balaa: picha ile ililetwa kama ushahidi kwamba mama ni mzima, halafu watu wakakuta kumbe kuna mkasi umepita.

Kwa hiyo siku ukimkata eksi wako kwenye picha ya familia, au ukajiweka pembeni ya msanii ambaye hujawahi kukutana naye, swali siyo kama unajua kutumia programu. Swali ni kama aliyepokea picha anajua kuwa umekata.

Wewe je, ukikata huwa unauacha mshono uonekane, au unaufuta?