Shangwe ya Balozi: Salim Ahmed Salim na Kura ya China, 1971

Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirejeshea Jamhuri ya Watu wa China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alishangilia waziwazi. Husimuliwa hata kuwa alicheza. Mwaka 1981 Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu, huku China ikimzuia Kurt Waldheim. Simulizi nyingi huona hapo kisasi cha shangwe ile. Kwa maoni yetu, shangwe hiyo imebebeshwa mzigo mzito mno: Tanzania ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa azimio lenyewe, na msimamo wake kuhusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika ungeikera Washington hata kama balozi angeketi kimya.