Jokofu la kabatini na joto la Pwani: Lini litengenezwe, lini libadilishwe

MAJORENI, kijiji cha wavuvi kilichoko kati ya Shimoni na Vanga katika Kaunti ya Kwale, ni mojawapo ya sehemu za Pwani ambako jokofu likizimika usiku, hasara hujulikana kabla ya adhuhuri. Jodari na vibua wakiachwa kwenye joto hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mama karanga aliyenunua samaki kwa mkopo hupoteza mtaji wake hata kabla samaki hao hawajaanza kunuka.

Hata hivyo, jokofu linaloharibika mara kwa mara huenda halikuwa bovu lilipotoka dukani. Mara nyingi kosa ni la mahali lilipowekwa. Hali hiyo huonekana zaidi kwa majokofu yanayojengewa ndani ya makabati ya jikoni, mtindo wa nyumba za kifahari za Diani ambao humshawishi pia anayejenga nyumba ya kudumu Msambweni au Majoreni.

Jokofu, kwa hakika, halitengenezi baridi. Huchukua joto lililo ndani yake na kulitupa nje. Likizungukwa na mbao pande zote, joto hilo hukosa pa kwenda, na kompresa huzunguka mchana kutwa bila kupumzika. Ndiyo maana watengenezaji huagiza kabati liachwe na uwazi chini na juu, kwa kawaida usiopungua sentimita 200 za mraba, ili hewa ipite nyuma ya jokofu. Seremala asiyejua huuziba ili kabati lipendeze na mende wasiingie. Mwenye nyumba hubadilisha jokofu mara ya pili na ya tatu, huku kabati ni lile lile.

Jambo la pili ni hali ya hewa ambayo jokofu liliundiwa. Kwenye kibandiko kilicho ndani au nyuma yake huandikwa herufi SN, N, ST au T. Lenye SN au N limeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32 za Selsiasi. ST hufika nyuzi 38 na T nyuzi 43. Jiko la Pwani mwezi wa Machi, meko yakiwa yanawaka, hupita nyuzi 32 kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, jokofu la mitumba lililotumika Ulaya laweza kuwa zima kabisa na bado likashindwa kazi Kwale. Anayenunua asome kibandiko hicho kabla ya kuuliza bei.

Stima nayo ina lawama yake. Ikikatika na kurudi ghafla kabla shinikizo la gesi halijatulia, kompresa hushindwa kuanza, huvuta umeme mwingi na hatimaye huungua. Kifaa kidogo kinachofahamika kama frijigadi huzuia hasara hiyo: hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, kisha hungoja dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu tena. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kompresa mpya. Chumvi ya bahari pia hula mabomba na viungo vyake, hasa nyumba inapoelekea upepo wa kusi.

Je, litengenezwe au libadilishwe? Themostati, rilei na mpira wa mlango ni vitu vya kubadilishwa na fundi kwa gharama nafuu. Mpira hupimwa kwa noti: ikibanwa mlangoni na kuchomoka bila kukaza, baridi inavuja. Lakini gesi inapovuja katika mabomba yaliyofichwa ndani ya povu la kuta, kujaza gesi kila baada ya miezi michache ni kupoteza fedha. Fundi asome pia aina ya gesi. Majokofu mengi ya kisasa hutumia R600a, ambayo hushika moto, na haifai kubadilishwa kiholela kwa R134a. Yale makuukuu ya R12 yasipewe nafasi tena. Gesi hiyo inayoharibu tabaka la ozoni ilikomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zikipewa hadi 2010.

Anayeamua kubadilisha hukutana na tatizo la vipimo. Nafasi ya jokofu la kabatini la Ulaya huwa na upana wa sentimita 56 hivi, ilhali majokofu mengi ya kusimama peke yake yana upana wa sentimita 60 au zaidi. Kwa hiyo kabati halina budi kukatwa. Gharama hiyo ya seremala haipaswi kujutiwa, kwani jokofu la kusimama peke yake hupumua, hupatikana katika maduka mengi zaidi, na fundi hulifikia bila kubomoa kitu.

Kwa muuza samaki, friza ya sanduku inayofunguliwa kwa juu ndiyo bora, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapoinuliwa. Ikijaa na isipofunguliwa huhifadhi barafu kwa takriban saa 48 baada ya umeme kupotea. Ikiwa nusu, saa 24. Lakini hata hiyo ina kiwango chake cha kilo inazoweza kugandisha kwa siku, nacho huandikwa kwenye kibandiko. Samaki wa ngalawa nzima wapozwe kwanza kwa barafu, kilo kwa kilo, ndipo waingizwe kidogo kidogo.

Friza iliyokufa nayo haitupwi ovyo. Fundi akishatoa gesi ipasavyo na kompresa ikaondolewa, sanduku lake hufaa kuhifadhia barafu bandarini, mradi litobolewe tundu la kutolea maji na komeo ling'olewe, watoto wasije wakajifungia ndani.