Anwani Iliyohama: Historia ya Viungo vya Tovuti na Kamusi Yetu

Kwa mwalimu wa Kiswahili hapa Giteranyi, upande wa Muyinga unaopakana na Tanzania, kamusi ya karatasi ni kitu adimu. Wanafunzi wetu husema Kirundi nyumbani, na tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 haja ya Kiswahili imezidi kukua. Ndiyo sababu wengi wetu tumegeukia simu ili kutafuta maana za maneno. Lakini mara nyingi tufuatapo kiungo tulichokikuta katika muhtasari wa zamani, hatupati neno wala maana, bali namba 404 na taarifa kwamba ukurasa haukupatikana. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kosa hilo, na jinsi lilivyoigusa kamusi moja ya lugha yetu.

Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo la kuunganisha maandishi ya kompyuta kwa viungo. Wapo waliomtangulia ambao walitaka kila kiungo kijulikane pande zote mbili. Yeye aliridhika na kiungo cha upande mmoja: mwandishi yeyote aweza kuuelekeza ukurasa wake kwa mwingine bila kuomba ruhusa wala kutoa habari. Uhuru huo ndio ulioieneza tovuti duniani. Bei yake nayo ni kwamba ukurasa ukihama, wale wanaouelekezea hawana habari, na wasomaji wao huendelea kubisha hodi kwenye nyumba tupu.

Yafaa mwalimu azijue namba hizi. Namba zinazoanza na 4 husema kwamba ombi lenyewe lina kasoro, kama vile anwani iliyokosewa au iliyofutwa. Zinazoanza na 5 husema kwamba mtambo wa mwenye tovuti ndio ulioshindwa. Basi aonaye 500 asihangaike kuisahihisha anwani, asubiri tu.

Viungo hivi vilipata uzito mpya pale Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipoanza mwaka 1996 kuchunguza ni nani anayeuelekezea ukurasa fulani. Kazi hiyo ilizaa Google mwaka 1998. Fikra yenyewe haikuwa ngeni, kwani Eugene Garfield alikuwa ametoa tangu 1964 faharasa ya makala za sayansi yenye kuonyesha nani amemtaja nani. Tena sisi tuliolelewa karibu na vyuo vya Kurani twaijua fikra hii kwa jina la zamani zaidi: isnadi. Habari hupimwa kwa wapokezi wake, na mpokezi mwaminifu mmoja huwashinda kumi wasiojulikana. Vivyo hivyo, kiungo kitokacho kwenye ukurasa unaoheshimiwa huupandisha ukurasa mwingine katika orodha ya majibu ya utafutaji.

Palipo na ushahidi hapakosi mashahidi wa kununuliwa. Biashara ya kuuza viungo ilishamiri, hata mwezi wa Aprili 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin ili kuzishusha kurasa za namna hiyo, na Oktoba ya mwaka huo ikawapa wenye tovuti njia ya kuvikana viungo wasivyovitaka. Kwa maoni yetu, chama cha walimu hakina haja ya bidhaa hiyo hata ikitolewa bure.

Sasa tuitazame kamusi. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili ya intaneti iliyokusanywa kwa msaada wa watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Ilikaa chini ya anwani ya chuo, yale.edu/swahili, na anwani hiyo ndiyo walimu wengi waliyoiandika katika kurasa na miongozo yao. Baadaye mradi ulitoka Yale, ukasimama peke yake, ukahamia kamusi.org. Ushahidi uliojengwa kwa zaidi ya miaka 10 ulikuwa umeelekezwa kwenye nyumba ya mwenyeji, wala si ya kamusi yenyewe. Hatumlaumu mtu, mpangaji hahami na mlango.

Dawa ya uhamisho ipo, nayo ni namba 301, ambayo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye anwani mpya na kuuambia mtambo wa utafutaji kwamba uhamisho ni wa kudumu. Lakini ni mwenye nyumba ya zamani tu awezaye kuubandika ujumbe huo. Wakutubi walikuwa na desturi hii zamani. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilikuja kuwa TUKI, na mwaka 2009 TUKI ikaingia katika TATAKI. Msomaji hapotei maadamu kadi ya jina la zamani imeandikwa "tazama" jina jipya. Kadi hiyo iwe na jibu la swali lililoulizwa. Kumpeleka kila mgeni kwenye ukurasa wa mbele ni kama kumwambia aulizaye maana ya neno moja: kamusi ile pale, tafuta.

Mwalimu asiye na tovuti naye ana la kufanya. Aipunguze anwani iliyokufa kutoka mwisho, mshazari mmoja baada ya mwingine, mpaka apate ukurasa ulio hai. Autafute kwa kichwa chake. Kisha amwandikie mwenye ukurasa alimokikuta kiungo kibovu, amtajie anwani mpya.

Njia nyingine ni hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo milango yake ya kurasa za zamani ilifunguliwa kwa wote mwaka 2001. Humo nakala za kurasa zile za Yale zaweza kusomwa hadi leo. Ufunguo wake ni anwani ya zamani, herufi kwa herufi. Mwongozo ulioichapa anwani hiyo kwa ukamilifu bado unafungua mlango. Ule ulioandika tu "tazama kamusi ya intaneti" haufungui kitu.