Malaria Mazimbu na mkoani Morogoro

Mazimbu ni kata ya Manispaa ya Morogoro, karibu na Mto Ngerengere, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Malaria ya huku husababishwa zaidi na kimelea Plasmodium falciparum, na wagonjwa huongezeka baada ya masika, maji yakiwa bado yametuama na joto halijapungua sana.

Mwinuko
Vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Kadiri mtu anavyopanda, baridi huchelewesha kukomaa kwa kimelea ndani ya mbu. Utafiti wa Usambara, milima ya safu hiyohiyo, ulionyesha maambukizi ya nyanda za chini kuzidi yale ya uwanda wa juu kwa zaidi ya mara 1,000. Anayeishi juu na kushuka kulima mpunga bondeni huwa na kinga ndogo kuliko wenyeji wa bondeni.

Wakimbizi wa ANC
Mazimbu ilijulikana nje ya Tanzania kwa sababu ya Chuo cha Solomon Mahlangu (SOMAFCO), kilichojengwa na ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, kuanzia 1978 kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali ya Tanzania. Jina la chuo ni la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wengi walitoka Soweto na miji mingine ya Afrika Kusini isiyo na malaria. Mkazi wa Morogoro huumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na akinusurika hupata kinga ya kiasi. Mgeni, hata awe na miaka ishirini, huugua kama mtoto mdogo. Kwa jumuiya hiyo malaria haikuwa homa ya kuzoeleka bali tishio la kila msimu. Mwaka 1984 ilifunguliwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi, huduma ambayo vijiji vingi vya mkoa havikuwahi kuiota. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Utafiti wa Ifakara
Elimu kubwa kuhusu malaria ya vijijini Morogoro, na pengine Afrika Mashariki nzima, imetoka Bonde la Kilombero la mkoa huo. Maabara iliyoanzishwa Ifakara na Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa mkazi wa kijiji cha Namawala aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Katika kijiji cha Idete ilijaribiwa chanjo ya SPf66 ya Mkolombia Manuel Patarroyo. Matokeo ya 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, matumaini ambayo majaribio ya nchi nyingine yaliyazima.

Chandarua kilifaulu zaidi. Mradi wa KINET, ulioanza 1997 wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu. Watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliovitumia walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 27. Kazi hiyo ilichangia mpango wa taifa wa Hati Punguzo wa 2004, ambapo mjamzito alipewa kliniki hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu dukani. Baadaye serikali iligawa vyandarua bure.

Mbu nao wamebadilika. Anopheles gambiae, aliyependa kuuma ndani usiku wa manane, amepungua. Anopheles arabiensis, anayezaliana kwenye majaruba ya mpunga, huuma pia ng'ombe na nje ya nyumba, hivyo chandarua humkosa. Anopheles funestus hupatikana kwa uchache lakini ndiye msumbufu mkuu: katika vijiji vilivyochunguzwa Kilombero na Ulanga, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yametokana naye, na amekuwa sugu kwa dawa za vyandarua vya kawaida. Mazalia yake ni machache na ya kudumu, kwa hiyo ni rahisi kuyatafuta.

Viluwiluwi
Wilayani Mvomero, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Duke walichunguza mtazamo wa wanavijiji kuhusu kuua viluwiluwi vya mbu kwenye mazalia. Kiwanda cha viuadudu vya kibaolojia vya kuulia viluwiluwi hivyo kipo Kibaha, nacho hutumia teknolojia ya Cuba.

Tiba
Klorokwini iliachwa 2001, nafasi yake ikachukuliwa na SP (sulfadoksini-pirimethamini), nayo ikaiachia nafasi dawa mseto ya ALu (artemetha-lumefantrini) mwishoni mwa 2006. Kipimo cha haraka kimeziwezesha hata zahanati zisizo na hadubini kupima kabla ya kutibu. Kwa degedege, dalili ya malaria kali, familia nyingi zilianzia kwa mganga, kwa kuwa mtukutiko ulihesabiwa kuwa wa mashetani.

Takwimu
Maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara yalikuwa asilimia 18 mwaka 2007–08, yakashuka, yakapanda, kisha yakashuka tena hadi 7 mwaka 2017, na yalikuwa 8 mwaka 2022.