Keekee Tulivu, Meli Inayoyumba

Nchi kavu, kama Handeni na Korogwe, mtambo wa kuchimba kisima husimama juu ya ardhi imara. Bahari kuu haina uimara huo.

Mwaka 2012, Statoil (sasa Equinor) ilitangaza ugunduzi wa gesi asilia katika kisima cha Zafarani-1, nje ya pwani ya Tanzania. Meli ya Ocean Rig Poseidon ilikichimba mahali penye maji ya kina cha mita 2,582.

Katika kina hicho meli haishikiliwi na nanga. Setilaiti huonyesha ilipo, na rafadha zilizo chini yake huisukuma ibaki juu ya kisima. Hata hivyo, mawimbi huiinua na kuishusha. Bila kinga, keekee inayotoboa mwamba ingenyanyuliwa kisha ikaugonga kwa nguvu.

Kinga hiyo ni silinda za mafuta na gesi iliyoshindiliwa, zinazobeba uzito wa mabomba ya kuchimbia. Meli ikipanda, pistoni huingia ndani; ikishuka, hutoka. Keekee huendelea kuukandamiza mwamba kwa uzito usiobadilika sana. Bomba kubwa linalounganisha meli na kisima nalo lina kiungo kinachorefuka na kufupika, lisikatike.