Muundo Msingi wa Katiba

Muundo msingi wa katiba ni fundisho linaloshikilia kuwa Bunge, hata likipata kura zote zinazotakiwa, haliwezi kuirekebisha katiba kwa kuzibomoa nguzo zake. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza hukutana nalo katika kesi ya Kesavananda Bharati, India, 1973: majaji 13, kura 7 kwa 6, na hukumu ndefu ya kuchosha macho. Orodha kamili ya nguzo hizo haikuwekwa. Ubishi huanzia hapo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ililikubali fundisho hilo mwaka 2021 katika kesi ya BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kurekebisha katiba, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ililikataa, ikiridhika na Ibara za 255 hadi 257 za Katiba ya Kenya, zinazoweka utaratibu wa kuirekebisha.