Pizza ya Friza: Jinsi ya Kuipiga Luku Usiku wa Divai Kwa Keja

Doh imeisha na ushaahidi mtu wako sherehe? Usistress, chukua pizza ya friza.

Usiiyeyushe kwanza, italoa. Washa oveni mapema ifike 220°C. Huna oveni? Tumia kikaango kizito, funika, moto mdogo, hadi chizi iyeyuke na chini ikauke.

Juu ndio kuna kazi. Kaanga vitunguu, hoho na uyoga hadi maji yaishe, la sivyo unga utakuwa uji. Tupia ile nyama choma ilibaki jana, kisha chizi zaidi. Dhania ni ya mwisho, ikishatoka kwa moto.

Divai? Nyama, nyekundu kavu. Kuku, nyeupe baridi.

Na msee, boksi itupe mapema. Akiuliza, umepika.